Vidole Viwili vya Osob

Mvua ya El Nino ilipoibeba barabara, Hamse alinenepa. Watu walipoteza mbuzi, wengine walipoteza nyumba, yeye akapata tenda ya kujenga kalvati kumi na moja nje ya Garissa. Akanunua miwani nyeusi. Ukimsalimia, alikujibu kwa kidevu.

Osob alikuwa mmoja wa wanawake tisa waliojaza mawe kwenye lori lake. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu kama fimbo ya mchungaji, na mdomo wake uliogopwa mtaa mzima. Kila Alhamisi jioni karani aliwapanga wafanyakazi mstari kuwalipa. Wanaume waliitwa majina kutoka kitabuni. Wanawake walipewa mkononi tu, kama watu wanaopewa sadaka. Siku moja Osob aliuliza mbona wao hawaandikwi.

"Mama, kitabu ni kidogo," karani alisema.

"Basi na mawe yangekuwa madogo."

Wenzake walicheka, karani akaufuta uso kwa leso, na kitabu kikabaki vilevile.

Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa umekatika mnyororo. Fundi alitaka pesa ya mnyororo mpya. Hamse akasema pesa haiokotwi, akamwambia dereva aufunge kwa kamba ya ngamia. Wanawake wakanung'unika. Hamse akawajia na ile miwani yake.

"Kamba hii imeleta ngamia kutoka Buna mpaka hapa. Itashindwa na mlango?"

Ilishindwa. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mlango uliteremka mara moja juu ya mkono wa kulia wa Osob, na ulipoinuliwa, kidole cha shahada na cha kati havikuwa vyake tena. Hamse alikuja mbio. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mlango, kama umepinda. Osob alimwona. Damu inamtoka, kichwa kinamzunguka, lakini alimwona, na toka siku hiyo hakumwita tena kwa heshima.

Hospitalini alikaa siku kumi na mbili. Hamse alituma paketi moja ya maziwa na salamu. Muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda ndiye aliyemwambia kwamba mtu akiumia kazini, sheria inamtaka tajiri amlipe, na kwamba kuna ofisi ya kazi inayosimamia. Daktari akajaza fomu. Akaandika kwamba Osob amepoteza asilimia kumi na sita.

"Maana yake nini?" Osob aliuliza.

"Ukiugawa mwili mafungu mia, kumi na sita yameenda."

Osob aliutazama ule mkono uliofungwa, mkono wa kulia chakula, maana sasa alikuwa akila kwa kijiko kama mgonjwa wa tumbo. "Haya," alisema. "Angalau kuna mtu amehesabu."

Afisa wa kazi alikuwa mtu wa Mwingi, mwembamba, hana maneno mengi. Aliipokea fomu, akamwandikia Hamse barua. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu, limepigwa taipu, na mhuri mwekundu chini, kwa sababu Hamse aliupenda mhuri wake kuliko watoto wake. Afisa akamsomea Osob: huyu mama si mfanyakazi wangu. Ni shangazi yangu kwa ukoo. Alikuja kunisalimia kazini, akasaidia kwa hiari yake, ikatokea ajali ya Mungu.

"Ni kweli mama ulienda kumsalimia?"

"Nilimsalimia miezi saba," alisema Osob, "kutoka asubuhi mpaka jioni, jiwe liko kichwani."

Afisa alitaka kucheka akajizuia. "Mimi nakuamini. Lakini faili haijui kuamini. Nitafutie jina lako kitabuni, au karatasi yoyote, au shahidi. Mwisho wa mwezi ujao ukifika bila kitu, lazima niifunge."

Kitabuni hakuwemo. Karatasi hakuwa nayo. Akawaendea wenzake wanane, mmoja mmoja. Sahara, waliyekuwa wakishika naye jiwe moja kubwa pande mbili, alitazama chini.

"Walaal, dada yangu, nina watoto watano. Nikisema, kesho nitaambiwa na mimi nilienda kusalimia."

Osob hakumlaumu kwa mdomo. Alirudi nyumbani, na usiku huo chai yake ilikuwa chungu hata kwa sukari.

Sasa Hamse alipata habari kwamba mwanamke anaendelea kwenda ofisini. Akaingiwa na wasiwasi. Na tajiri akiwa na wasiwasi hukumbuka jamaa. Yule aliyekuwa hana nafasi ya kuuliza hali ya mgonjwa akatuma gari, gari kabisa, kumchukua Osob baada ya sala ya alasiri. Nyumbani kwake walikuwa wamekaa wazee watano juu ya mkeka mpya. Mkubwa wao alikuwa Mzee Dagane, ndevu zimepakwa hina, ambaye hakuwahi kukosa kikao chenye nyama.

"Eedo," Hamse alisema, maana siku hiyo Osob alikuwa shangazi hasa, "sisi ni jilibu moja, ukoo wa kulipana fidia. Damu yetu tunailipa pamoja, tunalipwa pamoja. Ya serikali waachie watu wasio na jamaa."

"Wallahi umesema kweli," alisema Mzee Dagane. Akakohoa, akapanga maneno. "Tumekaa, tumepima. Vidole viwili hivi vingekuwa vya mwanaume, tungesema mbuzi kumi na wawili. Mwanamke ni nusu. Kwa hiyo ni sita."

"Mbona jiwe hamkunipa nusu?" Osob aliuliza.

Mzee mmoja alianza kuchokonoa meno.

"Hayo ni mengine," alisema Mzee Dagane.

"Sawa ni mengine. Na hao sita anatoa Hamse?"

"Hamse peke yake kwa nini? Wewe hujui desturi? Nyumba sita za jilibu zimechaguliwa, kila moja mbuzi mmoja. Hamse mmoja, mimi mmoja, Abdimalik mmoja..." Akaendelea kuzitaja, mpaka ya mwisho: "Na ndugu yako Mursal, huko Kotile, mmoja."

Mursal alikuwa mdogo wake, na kila mtu mkekani alijua kwamba mbuzi walioko kwa Mursal ni wa Osob, alioachiwa na marehemu mumewe. Mursal mwenyewe alikuwa na redio tu.

"Yaani nitalipwa mbuzi wangu."

"Ni wa jilibu."

"Nimdai nani, sasa? Kama nimejikata mwenyewe, nijilipe mwenyewe!"

"Mwanamke, punguza ulimi," alisema Mzee Dagane. "Vidole ndivyo vilivyokatika, si huo."

Wazee walicheka sana. Hamse alicheka kuliko wote, mpaka akavua miwani. Kisha akamwita karani, naye akaleta karatasi mbili, moja imeandikwa juu ya nyingine kwa kaboni. Hamse alishazitia sahihi zote mbili. Mhuri pia. Wazee walishabonyeza vidole. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, karani alieleza, ili ipelekwe kwa yule mtu wa Mwingi ajue kesi imekwisha.

"Weka dole gumba hapa, Eedo," Hamse alisema.

Jambo ambalo hakuna mmoja wao aliyelijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, ni kwamba Osob alikuwa amekaa gumbaru miezi minne, darasa la jioni la watu wazima. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Wao waliona mwanamke anainamia karatasi kwa huzuni. Yeye alikuwa anasoma: *Mimi Hamse, mwenye kampuni, nakubali ya kwamba Osob Warsame, mfanyakazi wangu wa mawe, alikatwa vidole viwili na lori langu akiwa kazini. Wazee wametupatanisha kwa mbuzi sita. Hana dai tena.*

Akarudia mstari wa kwanza. Akaurudia tena. Halafu akajifunika vizuri mtandio, akainamisha kichwa, na sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo mtaa wake haukuwahi kuisikia.

"Wazee wangu, mimi mwanamke tu. Nitaweka dole bila ndugu yangu kujua? Mnipe hii moja nimpelekee Mursal aione. Akikubali, ninaweka."

Mzee Dagane alipiga paja kwa furaha. "Sasa umesema neno la mtu mwenye adabu! Mpe, Hamse, mpe."

Naye Hamse akampa.

Gari la kumrudisha halikuwepo. Alitembea. Hakwenda Kotile. Asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa, alikuwa ameketi mlangoni kwa mtu wa Mwingi. Afisa alisoma ile karatasi amesimama, funguo mkononi. Akaketi, akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

"Mwenyewe. Sahihi ni yake, mhuri ni wake, na mashahidi watano ameleta yeye."

"Na hawa mbuzi?"

"Sijawaona, wala dole langu hulioni hapo."

Safari hii afisa hakujizuia. Alicheka mpaka akafungua dirisha.

Hamse aliitwa. Alisema karatasi ni ya utani wa ukoo. Akasema karani alikosea. Akasema yeye Kiswahili hakijui vizuri, na hayo alikuwa akiyasema kwa Kiswahili kilichonyooka. Afisa alimwacha amalize, akapiga hesabu mbele yake: mshahara wa miezi arobaini na minane, kama sheria inavyotaka, asilimia kumi na sita yake. Ilitoka elfu kumi na mbili kasoro shilingi ishirini. Ilimchukua Hamse miezi mitano na barua tatu za kutishiwa mahakama, lakini alileta, na Osob akazipokea pale mezani, noti kwa noti, kwa mkono wa kushoto. Mzee Dagane alisema mjini kwamba mwanamke huyo amevunja jilibu. Jilibu haikuvunjika, ilikula nyama nyumbani kwa Hamse Ijumaa ya wiki hiyo.

Siku ile ya malipo, nje ya ofisi, Hamse alimfuata Osob. Alikuwa ameivaa miwani.

"Eedo, tusiwekeane kinyongo. Njoo upikie vijana chai kule kazini. Kazi nyepesi, haitaki vidole vyote."

"Kitabuni utaniandika?"

Hamse alitazama kando, kama mtu aliyesikia akiitwa. "Mambo madogo hayo. Kwani sisi si jamaa?"

"Kwa chai, sisi si jamaa," alisema Osob, akavuka barabara kwenda sokoni kununua sufuria yake mwenyewe ya chai ya kuuza.