Mzizi Ambao Ulimi Wangu Unaukumbuka

Nilipofika kijijini kwetu Mungaa, Singida, juzi, hata begi sijashusha, nikauliza jembe liko wapi. Wifi yangu akashika kiuno. "Profesa, hata maji hujanywa!" Maji baadaye. Mwenzangu, mimi kutulia siwezi tena.

Bibi yangu alikuwa akitibu watu walioungua moto. Na sisi watoto tuliungua kweli, maana uji wa uwele ulichemkia chini, jikoni pa mafiga matatu, na njaa haina adabu. Akiletwa mgonjwa, bibi alinituma kichakani, nyuma ya zizi, nikachimbe mzizi. Sharti lilikuwa moja, maana mizizi ya pale ilifanana: mchimbaji autafune kwanza. Uchungu, halafu utamu, halafu ulimi unakufa ganzi. Usipokufa ganzi, fukia shimo, tafuta mwingine. "Ulimi hausahau," alikuwa akisema.

Siku moja niliona uvivu kutafuna. Nikaleta mzizi, nikadanganya. Bibi akaonja, akatema. Mtoto wa jirani alikuwa pale analia, mkono umetoka malengelenge, nami nikarudishwa mbio kichakani huku nalia pia. Tangu hapo nilitafuna kila mzizi.

Mzizi huo ndio ulionifanya nisomee kemia, nijue kuna nini mle ndani. Nikawa profesa, kazi yangu kuchambua mimea. Miaka nenda miaka rudi nimechemsha mizizi ya Singida kwenye maji, yote niliyotajiwa na wazee, na mashine haikuonyesha kitu. Mwenzangu wa ofisi ya pili akaniambia bibi yangu alibahatisha. Nilikasirika, tukakaa wiki nzima bila kusalimiana.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Mwezi uliopita binti yangu aliyeyusha samli jikoni, harufu ikanipiga puani, nikamwona bibi wazi kabisa: anatwanga mzizi, anaukaanga taratibu kwenye samli ya ng'ombe, ile ya maziwa tuliyoyasukasuka wenyewe kwenye kibuyu mpaka mabega yakauma. Samli, jamani! Hakuwahi kutumia maji. Na mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kinachoyeyuka kwenye mafuta hakitoki kwa maji. Nililia mbele ya binti yangu, akadhani nimefiwa.

Sasa njia ninayo, mti sina. Jina sikuwahi kuuliza. Bibi aliuita "mti wetu" tu. Nyuma ya zizi leo ni alizeti mpaka macho yanachoka. Nilimwamkia mzee jirani, nikamuuliza. "Vichaka tuling'oa zamani, mwanangu," akasema. "Vilivyobaki ni vya kule kwenye mawe." Wa kuuliza zaidi yake hayupo, wote wako makaburini pamoja na bibi.

Basi nimeshinda kwenye mawe siku tatu, profesa mzima natafuna mizizi, wifi yangu ananifuata nyuma akigomba kwamba nitakufa kwa sumu. Leo mchana nilipata mmoja. Mchungu. Nikatafuna, ukaja utamu, uleule. Nikakaa chini, nikamshika wifi mkono nikamwambia anyamaze. Tukasubiri.

Ulimi haukufa ganzi.

Nikafukia shimo, kama nilivyofundishwa. Wifi yangu akalichukua jembe, akatangulia kwenye kichaka kinachofuata, akachimba, akaukata mzizi vipande viwili, kimoja akakitia kinywani mwake.