Picha za Mchanga Mtupu

Mama alipiga picha za eksirei hospitalini miaka thelathini na moja, na mpaka leo hajaacha kuamrisha watu wasipumue. Alipostaafu tulidhani atapumzika. Wapi! Alinunua kamera kuukuu yenye lenzi ndefu kama mchi, akahamia ufukweni kwa ndege na kaa, nyumba akatuachia mimi na baba.

Sikuupenda mchezo ule, na sioni haja ya kuficha. Mtu mzima mwenye wajukuu analala kifudifudi kwenye mchanga wa baridi, wapita njia wanamcheka! Jirani yetu fundi cherehani alimbatiza Bi Kasa. Mama akalipenda jina. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Mwaka ule alitaka kitu kimoja tu: picha ya kifaranga wa kitwitwi akitoka kwenye yai. Kitwitwi ni ndege mdogo wa ufukweni ambaye hajengi kiota. Hufukua kishimo mchangani na kutaga hapo hapo, wazi kabisa. Mama alikiona kimoja chenye mayai matatu, akawa analala mbele yake kila asubuhi, hatua thelathini kando, pumzi ameishikilia.

Siku ya tisa akakuta mayai mawili. Alirudi nyumbani, akafungua picha zake zote kwenye kompyuta, kisha akaniita.

"Njoo, mwanangu. Usimtazame ndege. Tazama nyuma yake."

Nyuma kulikuwa na mti mkavu uliolala mchangani, na juu yake kunguru. Picha ya siku ya tatu, yupo. Ya tano, yupo. Ya nane, amesogea karibu.

"Mayai yana rangi ya mchanga, kunguru hayaoni," mama alisema. "Ananiona mimi. Nikilala, anajua mbele yangu kuna kitu. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia vijana kazini waanze kusoma picha pembeni, na mimi mwenyewe nimekodoa macho katikati."

"Basi usiende tena."

"Nisipoenda atapekua nilipolala jana."

Kesho yake alikwenda upande wa pili kabisa wa ufukwe, akalala, akaelekeza lenzi mahali pasipo na chochote, akabonyeza. Kunguru akamfuata. Siku iliyofuata akabadilisha mahali. Hivyo hivyo kwa zaidi ya wiki mbili. Watu walicheka mpaka wakachoka: Bi Kasa sasa anapiga picha mchanga!

Siku aliyohesabu kuwa mayai yatapasuka nilimfuata huko huko, nimejaa hasira.

"Mama, si ndiyo leo? Nenda ukapige picha yako! Dakika moja tu."

"Dakika moja inamtosha na yeye."

Kunguru alikuwa ametua nyuma yetu, anachokoa mchanga ambao mama aliupiga picha jana. Mama hakugeuza hata shingo kuelekea kwenye kishimo. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na nikajuta kufungua mdomo. Nikalala kando yake, na nguo zangu za kazini.

Siku tatu baadaye akamtuma baba. Kunguru hakuwa na habari na baba, maana baba na ufukwe ni mbalimbali. Aliagizwa apite karibu na kishimo na fimbo yake bila kusimama, bila kuinama, kama mtu anayekwenda zake.

Alirudi ameloa jasho, akavua kofia.

"Wawili. Wanakimbia nyuma ya mama yao kama wamechelewa kazini."

"Wakubwa kiasi gani?" mama aliuliza.

Baba akaonyesha kwa vidole. Si wakubwa kuliko ndimu, alisema. Miguu mirefu kuliko mwili, manyoya ya rangi ya mchanga, mmoja ameanguka kwenye alama ya kiatu akapanda tena.

"Rudia," mama akasema. "Polepole."

Baba alipoanza upya, mama alifumba macho, akavuta pumzi, akaishikilia.