Mgeni wa Shamba la Alfalfa

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, ukimaliza tuendelee. Mimi ni bwana mifugo mstaafu, nimeishi Mwanza miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Bukoba, sinywi pombe, na kanisani nakaa benchi la tatu kutoka mbele. Haya ninayokuandikia yalinipata mimi mwenyewe, tena jua likiwa bado linawaka. Ningependa sana yawe uongo.

Nina kipande cha shamba ufukweni mwa ziwa, ukishaipita Nyegezi, mahali ambapo mawe makubwa yanaishia na mafunjo yanaanzia. Nyuma ya mawe kuna kichaka, na kichakani kulikuwa na pongo. Unamjua pongo? Ni mnyama wa jamii ya swala, wa rangi ya kahawia, ana madoa meupe ubavuni, na ana aibu kuliko bibi harusi. Ukikohoa tu, amekwisha kupotea. Nilimfukuzia miaka mitatu na gobore la marehemu baba, nikaambulia miiba. Kibali cha kuwinda sikuwa nacho, nisikudanganye.

Kisha binti yangu Kemi akachumbiwa na kijana wa Magu, na siku ya kujitambulisha mdomo wangu ukaniponza. Wakwe watarajiwa walikuwa wakisifia ng'ombe wao, mimi nikaona hawatanizidi kwenye kiti changu mwenyewe. Nikawaambia kwamba siku ya kumuaga Kemi watakula kwangu nyama ya pongo. Wakapiga makofi. Mke wangu, mama Kemi, akaniangalia jinsi anavyoniangalia ninapoanza mambo yangu, lakini nilikuwa nimeshajifunga.

Ndipo nikakumbuka video niliyoiona kwenye simu. Huko ng'ambo wapo wawindaji wasiohangaika kumfuata mnyama porini. Wanampandia majani matamu, alfalfa, wanamwacha ale mpaka azoee, halafu wanamsubiri hapohapo. Nikajiambia, mimi niliyefundisha wafugaji kupanda alfalfa maisha yangu yote, nani atanishinda? Nikalima nyuma ya mawe, nikachanganya samadi na jivu, nikamwaga mbegu juujuu na kuzifunika kwa kuburuta tawi, maana mbegu zile ukizizika zinakufa. Nikavuta maji ziwani kwa pampu. Nikazungushia miiba miezi mitatu ili mizizi ishike. Maua ya zambarau yalipotokea nikakata, majani yakachipua upya, laini kabisa. Hapo nikaondoa miiba ya upande wa kichaka, nikaacha wazi.

Niamini, niliyahudumia majani yale kama mtu anayeandaa karamu. Na hapo ndipo kosa langu lilipo, ingawa wakati ule niliona ni ujanja.

Wiki ya kwanza pongo hawakuja. Ya pili nikaona yameliwa pembeni. Ya tano yalikuwa yameliwa hadi katikati, na alama za kwato zimejaa kila mahali. Sikugusa gobore. Nilitaka sherehe ikaribie, na wao wazoee kabisa.

Siku mbili kabla ya sherehe, kama saa kumi na moja jioni, nilikuwa juu ya jiwe nasafisha gobore. Nikasikia mwanamke anabisha hodi upande wa kichaka. Nikalifunika gobore kwa koti, nikajibu kama ambavyo wewe ungejibu. Nikasema karibu.

Akatoka mwanamke mwembamba wa makamo, kitenge chake cha kahawia chenye madoa meupe, miguu mitupu, tope hadi vifundoni. Hakupanda mawe. Alisimama ukingoni mwa majani, na kabla ya kila neno aligeuza kichwa huku na huku. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikadhani ni mmoja wa majirani wanaoniibia majani kwa ajili ya mbuzi, nikajiandaa kumfokea. Kumbe amekuja kushukuru.

"Baba, kiangazi hiki watoto wangu walikuwa wafe," akasema. "Wamepona kwa majani yako. Nikaona si vizuri mtu akulishe na usimjue uso."

Ungesema nini hapo? Nikaona haya, nikafanya kama tunavyofanya kwetu mgeni akija. Mimi hutembea na kahawa ya kutafuna mfukoni, punje chache zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, dada yangu hunitumia kutoka Bukoba. Kwetu ukishampa mtu kahawa ile, huyo ni mgeni wako, na mgeni wako hapati madhara mkononi mwako. Nilijifunza hivyo kabla sijajua kuhesabu. Nikashuka kwenye jiwe, nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaitia mdomoni yote pamoja na jani lake.

"Kwa hiyo tuje bila wasiwasi?" akauliza.

"Njooni tu," nikamwambia. "Karibuni sana."

Akainama kidogo, akarudi kichakani. Mimi nikasogea pale alipokuwa amesimama. Udongo ulikuwa mbichi, nilikuwa nimemwagilia mchana, na nyayo za viatu vyangu zilionekana wazi. Za miguu ya mtu mwingine hazikuwepo. Palikuwa na alama mbili za kwato, moja kando ya nyingine, kisha nyingine zikielekea kichakani, moja moja, kama hatua za mtu.

Sasa nisikilize vizuri, maana nikifika hapa watu huanza kunionea huruma, nami sistahili. Nilijua. Nilirudi juu ya jiwe nikawa najidanganya, mara ni macho ya uzee, mara ni mbuzi wa jirani waliopita. Nikawafikiria wakwe zangu wakinicheka kwa ahadi hewa. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya jiwe lilelile, gobore begani.

Wakaja watatu, jike na wanawe wawili, mmoja wa mwaka uliotangulia na mwingine mdogo bado. Sijawahi kumwona pongo akitembea vile, shingo chini, bila hata kusikiliza upepo. Yule jike alinyanyua kichwa akanitazama. Aliniona, naapa kwamba aliniona. Kisha akainama akaendelea kula, nami nikafyatua.

Wale wadogo hawakukimbia. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo. Mlio wote ule, moshi wote ule, nao wamesimama wananitazama, halafu yule mdogo akarudi kwenye majani. Walikuwa wameambiwa waje bila wasiwasi. Ilibidi niwafukuze kwa kuwatupia mawe, huku nalia.

Nilipomgeuza mama yao nimfunge kamba, kinywa chake kilifunguka. Chini ya ulimi kulikuwa na punje za kahawa, hazijatafunwa, na kipande cha jani la mgomba.

Utaniuliza kama nilimzika. Sikumzika. Ile kahawa niliitupa ziwani, nikamchuna, nikampeleka nyumbani Pasiansi, na mama Kemi aliponiuliza mbona macho mekundu nikamwambia ni moshi wa baruti.

Siku ya sherehe wakwe walifika wamejipanga getini, kina shangazi wanapiga vigelegele, mshenga wao mbele. Akabisha hodi. Watu wote wakanigeukia mimi, baba wa binti. Nikafungua mdomo, lile neno halikutoka. Akabisha tena. Kemi ananitazama na nguo yake nzuri, na mimi nimesimama tu. Mara ya tatu shemeji yangu akanisukuma pembeni, akawakaribisha yeye. Walikula ile nyama, wakaisifu, wengine wakaomba ya kwenda nayo. Mimi sikuigusa. Lakini wakwe waliondoka wakijua kwamba nimewadharau mlangoni pangu, na hadi leo Kemi anaisikia habari hiyo huko kwao kila akikosea jambo dogo.

Nimekwenda hospitali, wamemulika koo, hakuna kitu. Mchungaji ameniombea. Ninaongea yote, nagombana, naimba kwaya, nabishana bei ya samaki Mkuyuni. Ni neno hilo moja tu. Mkono unaweza kuliandika, kama unavyoona, mdomo hauwezi. Nimejaribu kusema ingia, nikasema pita ndani, nayo pia yanakauka kama kuna mtu amesimama mlangoni. Mama Kemi amenunua mkeka wenye neno hilo akautandika kizingitini, kwa ajili ya wageni.

Lile shamba nimeling'oa mara nne. Alfalfa ina mizizi mirefu, inachipua tena. Inasimama pale hadi inatoa maua na kukauka, hakuna anayeila. Sijaona kwato hata moja, na wale wadogo wawili sijui waliishia wapi. Bado naacha ule upande wa kichaka wazi.

Kwa hiyo wewe unayetazama zile video na kupiga hesabu zako, nakuomba. Kama ni kuwinda, mfuate mnyama kwake, akukimbie, mshindane. Usimwandalie chakula ukamwita, halafu ukae nyuma ya jiwe. Na mtu akibisha hodi, kabla hujamjibu, jiulize umeficha nini chini ya koti.

Jumapili iliyopita Kemi alikuja na mwanawe, ana miaka mitatu, hajui kusoma mkeka. Alimtanguliza mlangoni abishe mwenyewe, amemfundisha asiingie nyumba ya mtu bila kujibiwa. Akabisha mara tatu, vizuri kabisa, kwa kile kisauti chake. Kisha akageuka, akarudi kwa mama yake.

"Mama, twende," akasema. "Babu hatutaki."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimefungua mdomo.