Chupa ya Jumanne ya Nne

Kila Jumanne, kwa miaka ishirini na miwili, Oiva Rantakokko alibana pumzi kwa ajili ya kazi. Alipita juu ya mbao zilizotandazwa kinamasini, akasimama pale upepo ulipomjia usoni, akajaza kifua, akanyamaza, ndipo akafungua chupa ya kioo. Pumzi ya mtu imejaa hewa ya ukaa. Ikiingia chupani hata kidogo, kipimo kimeharibika. Baadaye chupa ilisafiri kutoka Laplandi, kaskazini mwa Ufini, hadi maabara moja Ujerumani, ikapimwa pamoja na chupa za nchi kumi na moja, ili hewa ya Ufini na hewa ya Ureno zipimwe kwa mizani moja.

Dukani walimwita Oiva wa Chupa. Alijifanya kuchukia.

Theluji ilipoanza kuyeyuka akaja Ylva Sandelin kutoka Uswidi, na mashine iliyochangiwa na nchi saba. Ilipima hewa kila sekunde. Wageni waliokuja kwenye kituo cha kupima hewa walimfuata Ylva kama vifaranga, wakauliza hili na lile kuhusu mashine. Oiva alijiambia kwamba hana kijicho. Hata hivyo alijua vyema kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu chupa.

Helka, mkuu wa kituo, aliwaeleza mpango. Kwa Jumanne nne chupa na mashine vingepima hewa ileile. Vikilingana, vyote vingebaki, kila kimoja kikimchunga mwenzake. Visipolingana, kitakachoonekana kibovu kingeondoka.

Jumanne ya nne, chupa ikiwa wazi mkononi, Oiva alitupa jicho kwenye dirisha la kituo. Ylva alikuwa akimmiminia mgeni kahawa katika kikombe cha buluu. Kikombe chake Oiva, ambacho hata Helka hakukigusa. Kitu kikampanda kifuani, na pumzi moja fupi ikamtoka.

Chupa ya akiba ilikuwamo sandukuni. Hakuichukua. Kwenye fomu akaandika: upepo wa kaskazini, baridi kiasi. Palipoandikwa "mengineyo" hakuandika neno.

Majibu yalipofika, Jumanne tatu zililingana kama mapacha. Ya nne, kipimo cha chupa kilikuwa juu sana. Wajerumani waliuliza nani amekosea.

"Chupa za Oiva hazijatuangusha hata siku moja," Helka alisema. "Ifungasheni mashine, iondoke."

Oiva alingoja furaha, nayo ikaja, ikakaa kama robo saa. Ylva hakubisha. Siku mbili alikagua kila kiungo cha bomba akitafuta palipovuja, asipaone. Mwishowe akamjia Oiva, mikono imemvimba kwa baridi.

"Mzee, wewe ndiye mzoefu. Niambie tu nimekosea wapi, nisije nikarudia kwingine."

Laiti angemtukana, ingekuwa nafuu. Oiva alienda ofisini, akafunga mlango, akapiga simu Ujerumani kwa Dörthe, mama wa maabara aliyepokea chupa zake tangu mwanzo na ambaye hawakuwahi kuonana naye.

"Ile ya nne ifute," alisema. "Nilipumua."

"Ulipumua? Wewe?"

"Kwa wivu. Sasa niambie, wivu unaandikwa kwenye upepo au kwenye mengineyo?"

Dörthe alicheka hadi akakohoa. Akamwambia kwamba wajaza chupa wote, kutoka nchi zote, kuna siku hupumua. Maabara huona namba imeruka, lakini haijui kwa nini, na mashine iliyo kando ya chupa ndiyo husaidia kushuku. "Kupiga simu, wewe wa kwanza."

Kumweleza Helka kulikuwa kugumu zaidi, na kumweleza Ylva kugumu kupita kote. Ylva alimsikiliza, kisha akauliza, "Kikombe? Kikombe tu?"

Jumanne iliyofuata walirudia. Chupa na mashine zikalingana, zote zikabaki. Ylva akaomba afundishwe kujaza, ili Oiva apate likizo. Alisimama kwenye upepo, akabana pumzi, akajaza, akafunga, akarudi nyuma hatua kumi, kumi na tano, ishirini, bado hajapumua. Oiva hakuwahi kupita kumi na mbili.

"Hivi?" Ylva aliuliza mwishowe.

"Hivyo hivyo," Oiva alijibu, moyo ukimwuma upya. "Lakini kikombe changu ukiache."