Pombe ya Mke wa Mwalimu

Harufu ya pombe ya mtama hunitoa kwenye karamu mpaka leo. Watu wa Rumonge wanaponiona ninanyanyuka na kujifunga kanga vizuri, husema, huyu mama ameshika dini. Dini ninayo, lakini siyo inayoniondoa.

Nilipoolewa, bendera mpya ilikuwa bado haijachujuka rangi. Mume wangu alikuwa mkamuaji wa mawese, Mswahili wa mtaani kwetu, baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo zamani za Wabelgiji. Aliswali Ijumaa, akanywa Jumapili, na hakuona kama siku hizo mbili zinajuana. Uhuru ulikuwa umewapa wanaume kiu. Vinywaji vingine walizoea kuviona mikononi mwa Wazungu tu, na sasa kila mtu alitaka kuonja kila kitu na kusema neno lake. Mume wangu na rafiki zake wakafanya jambo hilo kuwa desturi. Kila Jumapili baada ya adhuhuri walikutana kwenye ua wangu, kila mmoja na pombe aliyoipenda, wakaonjeshana na kubishana mpaka magharibi.

Walikuwa wanne. Mume wangu alitoa malafu, yale maji ya mchikichi yanayoanza matamu asubuhi na kuwa makali jioni. Dereva wa kamyo lililopeleka mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, Bujumbura alileta urwarwa, pombe ya ndizi, aliyoiokota njiani, leo Kabezi, wiki ijayo Muhuta, na kila mara aliapa kwamba hii sasa ndiyo yenyewe. Karani wa komini, yaani ofisi ya serikali pale mjini, alileta bia ya chupa, na alizifungua chupa kwa meno. Wa nne alikuwa mwalimu wa shule, Mrundi wa kilimani juu ya mji. Yeye alileta impeke, pombe ya mtama, aliyoipika mke wake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukunja uso na kuosha vibuyu.

Sijui nianzie wapi kueleza uchafu ule. Malafu yalifika na nyuki na nzi waliokufa juu ya povu. Mume wangu aliwachota kwa kidole, akawarusha pembeni, kisha akakilamba kidole. Dereva alibeua kabla ya kutoa hukumu yake, kana kwamba tumbo lake ndilo lililokuwa shahidi. Karani ndiye aliyenitia kinyaa kuliko wote. Alijaza pombe mdomoni, akafumba macho, akaisukasuka shavu hili na shavu lile mpaka mashavu yakavimba, halafu akaitema kwenye shina la mpapai wangu. Ndipo aseme. Mpapai ule ulizaa mapapai makubwa ya kupendeza, nami sikula hata moja.

"Hii iko na ndizi ya kivulini," dereva alisema. "Sikia inavyoteleza."

"Inateleza kama kamasi," karani alijibu. "Bia iko bia ikiwa na kizibo. Hizo zingine ni uji wa watoto."

Basi walicheka, wakapigana mapaja, na mate yakawatoka.

Impeke waliinywa kwa mrija mmoja. Mtungi uliwekwa katikati, na mrija ukazunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na kila aliyevuta aliacha chake mle ndani. Nilimwuliza mume wangu kama hawawezi kutafuta mirija minne, maana matete yamejaa ufukweni. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Watu wasioaminiana ndio wanaotaka kila mtu mrija wake," aliniambia. "Sisi ni ndugu."

Wakiondoka, machicha ya mtama yalibaki yamemwagwa mlangoni pa jikoni, kuku wakayala na kutembea upande. Ukuta niliouegemezea majamvi ya kuanikia ndagala ulikuwa umekojolewa. Mwalimu peke yake ndiye aliyetoka nje ya ua kwenda haja. Tena ndiye aliyesuuza kibuyu chake mwenyewe, akaniletea kwa mikono miwili na kushukuru, "Murakoze, mama." Sitaki kumfanya malaika. Naye akilewa alinichukiza, maana alicheka mpaka povu likamtoka puani. Lakini asubuhi yake, akipita kwenda shuleni, alisimama barabarani akaniamkia, na macho yake yalikuwa na haya ya mtu anayejua kwamba jana kuna mwanamke aliyesafisha nyuma yake.

Tuliishi hivyo miaka mingi. Nilizaa, nikalea, nikaosha vibuyu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Masika yalikuwa hayajaisha. Kwanza walikuja waasi wenye mapanga, wakaua watu, na wengi wetu tulikimbilia kwenye mitumbwi na kukaa ziwani tukiusikiliza mji. Baadaye wakaja wanajeshi, na hao hawakuondoka. Wakaanza kuwachukua wanaume, hasa Wahutu waliosoma. Mtu aliitwa kwa jina lake, akapanda kamyo, na nyumbani kwake wakabaki na chakula chake kwenye sahani. Mtaani kwetu tulifunga milango mapema na kuzungumza kwa minong'ono. Nami niliogopa. Sitamcheka mtu aliyeogopa mwaka ule.

Mwalimu walimtoa darasani. Tuliletewa habari na watoto waliorudishwa nyumbani kabla ya saa. Walisema amepelekwa komini, amefungwa kwenye chumba cha nyuma ya biro.

Jumapili iliyofuata mume wangu alitoa viti uani. Nilidhani wamekusanyika kumlilia rafiki yao. Dereva alikuja, karani akaja na chupa zake. Waliongea kwa sauti ya chini, kisha sauti ikapanda kidogo, na chupa zikafunguliwa.

Ndipo mke wa mwalimu alipoingia. Nilikuwa nimemwona mara chache tu sokoni, mwanamke mwembamba asiyezungumza sana Kiswahili. Alikuwa na mtoto mgongoni na mtungi kichwani, na miguu yake ilikuwa na tope la kilimani mpaka magotini.

"Amahoro," alisema.

"Amahoro, mama. Karibu," mume wangu akamjibu, lakini hakusimama.

Nilimsaidia kuutua mtungi. Ulikuwa mzito, na wa moto ubavuni kwa jinsi pombe ilivyokuwa ikichemka yenyewe. Nilijua amekuja kwa nini, na wale watatu walijua. Kwa Warundi mtu mwenye neno kubwa haendi kwa watu mikono mitupu. Anabeba pombe. Ikishanyweka, ombi lake limeshapokelewa, na aliyeinywa ana deni la kusimama naye. Yule mama alipiga magoti kwenye jamvi, akautia mrija, akavuta kwanza yeye ili waone haina kitu kibaya, halafu akaupangusa kwa ncha ya nguo yake na kumpa karani.

Karani alivuta. Akafumba macho. Nikaona mashavu yanaanza kuvimba. Safari hii hakutema, alimeza.

"Iko nzito kuliko ile ya siku zote," alisema.

"Leta," dereva akasema. Akavuta, akabeua. "Hapana bwana! Hii ndiyo yenyewe. Mtama umeiva sawasawa."

"Ina uchachu mwishoni."

"Uchachu ndio uzuri wake."

Mume wangu naye akaupokea mrija. "Imekaa siku moja zaidi," alisema. "Mwalimu asingeiacha ikae hivi."

Alimtaja Mwalimu hivyo tu, kana kwamba ametoka kidogo kwenda dukani. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, anawasikiliza wakipokezana. Mtoto mgongoni alianza kulia, akawa anamtikisa polepole bila kuinuka. Mrija ukazunguka tena. Ukazunguka mara nyingine.

"Huyu mama hakuja kuuza pombe," nilisema.

"Shemeji," karani akanijibu, "tunakunywa kwanza. Hivyo ndivyo heshima ilivyo."

Basi wakanywa kwanza. Hatimaye karani akapangusa mdomo kwa kiganja, akamwambia aseme. Alisema kwa Kirundi, maneno machache aliyokuwa ameyapanga njiani. Mume wake hajagombana na mtu. Wao ni ndugu zake, wamechangia naye mrija miaka yote hii. Yeye karani anaingia biro kila siku, anajuana na wakubwa. Anaomba amsemee. Na kama haiwezekani, basi angalau ampelekee shuka, maana kule ndani kuna baridi.

"Nimesikia," karani alisema. "Kesho nitauliza."

"Murakoze cane," mama yule akasema, akapiga makofi mepesi ya shukrani. Akaliacha shuka limekunjwa juu ya kiti. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia pombe ile ilikuwa kidogo, mtama ulikuwa umebaki kidogo, lakini atatafuta mwingine. Niliporudi, wale watatu walikuwa wameuinamisha mtungi ili mrija ufike chini.

Siku ya pili yake nilikwenda komini na mke wa mwalimu. Tulisimama chini ya baraza mpaka karani akatoka. Hakumwangalia yule mama. Alinivuta mimi pembeni.

"Mambo haya ni ya juu, shemeji. Mimi ni mtu wa kuandika tu."

"Lakini pombe yake uliinywa."

"Pombe ni pombe. Ilikuwa nzuri, mwambie asante."

Pumzi yake ilinifikia usoni, bado ikinuka mtama wa jana. Niligeuza uso, nikatema mate chini mbele yake. Sikuwahi kufanya hivyo mbele ya mwanamume. Akarudi ndani.

Mume wangu alisikia habari hiyo kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amesimama mlangoni, uso umempauka kwa hofu.

"Unataka kutuua?" alisema. "Mwambie yule mama asije tena. Mwalimu hayuko pale. Wamekwisha kumpeleka na kamyo pamoja na wenzake. Hawarudi, hao."

"Nani amekwambia?"

"Karani."

"Lini?"

Akaangalia barabarani. Nilimwuliza tena.

"Jumapili," alisema. "Alipokuja na chupa zake. Ndiyo habari aliyokuja nayo."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Nilihesabu mambo polepole kichwani, kama mtu anayekunja nguo. Alikuja na chupa, akawaambia. Halafu yule mama akaingia. Halafu akapiga magoti.

"Mulijua wote watatu," nikasema.

"Tulijua."

"Na mukainywa."

"Ungetaka tufanye nini? Mtu amekuletea pombe, utaikataa? Ni dharau hiyo. Tungemwambia pale pale uani, angelia kwa sauti, majirani wangesikia, wanajeshi wangekuja. Ningefanya nini mimi, mama watoto?"

Kuhusu kuogopa alisema kweli, na nilimwelewa. Angekaa kimya, ningemwelewa. Angemwambia yule mama, nenda na pombe yako, hatuwezi, ningemwelewa pia. Lakini niliwaona kwa macho yangu wakibishana juu ya uchachu. Woga hauulizi kama mtama umeiva. Ile ilikuwa kiu, na kiu ile sikuwahi kuisamehe.

Nilikwenda kilimani asubuhi yake, na mtungi wa yule mama kichwani, nimeusugua kwa mchanga wa ziwani mpaka ukawa hauna harufu. Nilimkuta mbele ya nyumba, ametandaza jamvi. Juu yake alikuwa anaanika kimea, mtama ulioota vichipukizi vyeupe. Aliupata kwa jirani. Alikuwa anataka kupika nyingine, kubwa zaidi.

Nilimwambia. Hakuna namna nzuri ya kusema neno kama lile, nikalisema lilivyo. Hakulia mbele yangu. Aliendelea kukigeuza kimea kwa kiganja, huku na huku, mpaka nikamshika mkono.

"Siku ile walikuwa wanajua?" aliuliza.

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo."

"Basi walikunywa pombe ya matanga," alisema, "na mimi mwenyewe nikawapelekea, na sijaanza kulia."

Kabla mwezi haujaandama alivuka na watoto wake kwenda upande wa Kigoma, na wavuvi waliokuwa wakivusha watu. Nilisikia baadaye yuko kambini, kisha nikasikia amepewa shamba huko Tanzania. Sikumwona tena.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba kibuyu hakitaingia tena kwenye ua wangu, na kama kitaingia, mimi nitatoka. Alibisha siku chache, akaacha. Lakini kunywa hakuacha. Walihamia nyuma ya nyumba ya dereva, wakakaa miezi bila impeke, halafu wakampata mtu mwingine wa kuwaletea. Siku walipompata, mume wangu alikuja nyumbani ana furaha, akataka kunieleza jinsi ilivyo. Nilichukua godoro langu nikalipeleka chumba cha binti zangu, na huko nikalala miaka yote iliyobaki.

Karani aliendelea na kazi, akanenepa. Alikuwa akija Idi kutupa mkono. Nilimwekea pilau mezani, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mume wangu amezeeka sasa. Daktari amemkataza pombe kwa ajili ya ini, na dereva amefariki, kwa hiyo hukaa barazani na kuzungumza na vijana wanaopita. Huwaeleza pombe za zamani: malafu ya mchikichi upi, ndizi za Muhuta zina nini kuliko za Kabezi. Juzi nilikuwa ndani ninapepeta mchele nikamsikia anawaambia kwamba amekunywa pombe nyingi maishani, lakini moja haijapata mwenzake mpaka leo. Ilikuwa ya mtama, akasema, aliileta mwanamke mmoja, nzito, na uchachu kidogo mwishoni. Vijana wakacheka. Akalamba midomo, nilimsikia kabisa akilamba midomo.

Nikauacha ungo pale pale nikaenda ziwani kunawa uso.