Kikapu Kinachozunguka Kushoto

Kazi yangu ni kukataa vikapu. Ofisini wanaiita ukaguzi wa ubora, lakini akina mama wanaovileta wanajua ninachofanya, na mmoja wao aliwahi kuniambia mbele ya wenzake kwamba siku nikifika peponi nitaanza kwa kukagua bawaba za mlango. Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilijivunia maneno yale. Nilikuwa na jicho kali, nililijua, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na kitu nilichokipenda katika nafsi yangu kama hilo jicho.

Ofisi ya ushirika wetu iko Gikondo, Kigali, kwenye jengo la zamani lililobanwa kati ya gereji mbili, kwa hiyo vikapu vinavyokwenda kupamba sebule za Ulaya vinaanza safari vikinuka oili chafu, na sehemu ya kazi yangu ni kuvianika mpaka harufu iishe. Wasusi wenyewe hawaishi Kigali. Wanatoka milimani, saa mbili kwa basi, na kila kikundi kina Alhamisi yake katika mwezi. Wanashuka na mafurushi ya vitenge kichwani, wanakaa kwenye benchi refu, na mimi napokea kikapu kimoja kimoja, nakigeuza, nakibinya, nakiinua dirishani.

Biashara yetu inaitwa ya haki. Maana yake ni kwamba hakuna dalali katikati, na kila kikapu kinaning'inizwa kikadi chenye picha ya mama aliyekisuka na mistari miwili ya maisha yake. Mnunuzi anataka kujua ni mkono wa nani anaouweka juu ya meza yake. Kikadi kile ni ahadi, na mlinzi wa ahadi nilikuwa mimi. Sikuhitaji kusoma jina. Kuna anayekaza uzi wa mkonge mpaka kikapu kinalia ukikigonga, kuna anayeficha ncha za uzi upande wa ndani, kuna ambaye hawezi kumaliza ukingo bila kuharakisha. Nilijua mikono yao kuliko nyuso zao.

Mkono nilioujua kuliko yote ulikuwa wa bibi mmoja. Nilimwita bibi kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima, nyumbani ambako sikuwa nimewahi kuishi, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni tu. Nilipoajiriwa, bosi wetu, mwanamke aliyekulia Uganda na asiyependa mambo ya kubahatisha, alinipeleka mlimani wiki tatu nijifunze kusuka, kwani huwezi kukagua usichokijua. Akina mama wa kikundi kile walizungumza haraka na kucheka haraka zaidi, na mimi nilikuwa natabasamu tu kama mjinga. Ndipo mmoja mzee akapiga mkeka kwa kiganja.

"Wewe mtoto wa Karagwe? Kaa hapa. Hawa wanasema mbio. Mimi pia nimekula ndizi ya kule."

Alikuwa ameishi upande ule ujana wake wote, mkimbizi kama wazazi wangu. Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu, na alifurahi kupata mtu wa kukipiga naye msasa.

Bibi alikuwa mashoto. Alipokuwa mdogo baba yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya mgomba ili ajifunze kula kwa wa kulia, naye akatii, lakini kwenye kusuka hakuna aliyemwangalia, kwa hiyo sindano ikabaki kushoto. Vikapu vya wenzake wote vilizunguka kwenda kulia kuanzia kitovuni hadi ukingoni. Vyake vilikwenda kushoto. Mimi nilikaa ubavuni kwake nikafuata anavyofanya, sikujua kwamba kuna njia nyingine. Wiki tatu zilipokwisha nilikuwa na kikapu kimoja kidogo, kimepinda kama kofia iliyokaliwa, na mizunguko yake ilikwenda kushoto. Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi. Walisema mukecuru, yaani huyo mama mzee, amezaa uzeeni. Tangu siku hiyo aliniita mjukuu wake. Mpaka leo kalamu naishika kwa mkono wa kulia, kijiko kulia, ila sindano ya kusukia kushoto.

Sikuwahi kukataa kikapu chake hata kimoja. Alikuwa akikileta mwenyewe, anakiweka mbele yangu, kisha anafumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa kofi, na mimi nazidisha kukigeuza makusudi ili nimtanie. "Angalia tu," ananiambia. "Ukipata kosa, nanunua soda." Hajawahi kununua soda.

Kisha Alhamisi moja kikundi chake kilikuja bila yeye. Ana kikohozi, walisema. Vikapu vyake vitatu vilikuwa kwenye furushi la mwenyekiti wao, na vikadi vyenye picha yake vilikuwa vimeshafungwa. Nilikishika cha kwanza, na mkono wangu ukajua kabla ya macho. Kilizunguka kulia. Cha pili kulia. Cha tatu kulia. Vilikuwa vikapu vizuri, havikuwa na kosa, nikavipitisha. Mwezi uliofuata alikuja. Alikaa kwenye benchi katikati ya wenzake wawili, akacheka palipochekwa, akaniuliza habari za Batsinda ninakoishi, na vikapu vyenye picha yake vilizunguka tena kulia.

Mimi, mwenye jicho kali, niliona mizunguko. Sikuona kwamba ameshikwa mkono kuingia mlangoni, wala kwamba alikuwa akiniongelesha huku akiangalia pembeni kidogo ya uso wangu.

Nataka kueleza nilichofikiri, si kwa kujitetea. Nilifikiri wanamnyonya. Tulikuwa tumesikia kwamba kwingine vijana wenye mikono myepesi wanapitisha vikapu vyao kwa kikadi cha mzee ili wauze zaidi, na mzee anatupiwa kilo ya sukari. Nilipandwa na hasira kwa niaba yake. Usiku sikulala, nikimwona bibi yangu ameketishwa pembeni kwenye kikundi alichokianzisha mwenyewe kwa kugonga mlango hadi mlango. Ningeweza kumvuta kando tukanywa chai, nikamuuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mwingine mle ndani aliyeielewa. Lilikuwa jambo la dakika tano. Badala yake nilikwenda kwa bosi.

Wazo la kuwapima lilikuwa langu. Nilisema twende kule mlimani, kila mmoja aanze kikapu mbele yetu, na ukweli utajionyesha wenyewe. Bosi alisema sawa.

Tulifika asubuhi, jua limeshaingia kwenye ukumbi wanamosukia. Nilimchagulia bibi nafasi karibu na mlango, kwenye mwanga mzuri, na nilimpa sindano kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka ang'are. Nilitaka wale waliomnyang'anya nafasi yake waone aibu.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Alilowesha uzi kwa midomo, akauchonga kwa vidole, akaupeleka kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulowesha tena. Ukapita pembeni. Akainua sindano mpaka karibu iguse pua, akaigeuza huku na huku kwenye ule mwanga niliomchagulia. Wenzake walikuwa wameacha kusuka, na kila mmoja alitazama mapaja yake.

"Hii sindano inaniona," alisema kwa Kiswahili, akijaribu kucheka. "Mimi ndio siioni."

Hapo nilielewa yote. Ningeweza kusema inatosha. Ningeweza hata kujifanya nimeitwa nje. Nilisimama pale na daftari langu, nikamwacha ajaribu mara ya nne na ya tano.

Aliyeinuka ni mwenyekiti. Aliichukua ile sindano taratibu, akaitia uzi, akamrudishia bibi mkononi, kisha akanigeukia. Alizungumza Kinyarwanda polepole, neno moja moja, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Ni presha ya macho. Daktari alisema amechelewa. Kila mwezi mmoja wetu anaacha vikapu vyake anamsukia yeye. Tulijaribu kusuka kwa kushoto kama yeye, tukashindwa, vikawa vinafumuka. Ulitaka tumfanye nini?"

Bosi alinitoa nje. Si mtu mbaya, na nilimwona akifuta jasho lisilokuwepo. Alisema kama aliye kwenye picha siye aliyesuka, basi tunauza uongo, na mnunuzi akigundua, vikundi vyote vitaumia, si hiki tu. Msusi asiyesuka hawezi kubaki kwenye orodha. Aliniuliza ninaonaje.

Nilisema ni kweli.

Maneno mawili. Nimeyarudia peke yangu mara nyingi kuliko sala yoyote. Jina la bibi lilifutwa wiki ile, na pamoja nalo ikaondoka bima ya afya ambayo ushirika huwalipia wanachama, na vikadi, na ile safari ya Alhamisi, na benchi. Kikundi kilipewa onyo. Niliandika barua mwenyewe kwa sababu hati yangu ni nzuri.

Wenzake waliendelea kuja. Walinisalimu kwa heshima zote, waliweka vikapu mezani, walijibu nilichouliza. Hakuna aliyenitania tena kuhusu milango ya peponi. Ningefurahi kutukanwa. Nilikagua vikapu vyao na sikupata kosa hata moja, miezi mitano mfululizo, na nilijua hawakuniachia kosa makusudi, ili nisipate la kuwaambia.

Ilinichukua miezi hiyo yote mitano kwenda kumwona bibi. Mara mvua, mara mafua, mara kontena linaondoka. Niliogopa, basi. Jioni nilipokuwa natoka kazini nilianza kusuka kikapu, nikiwa nimekaa kitandani Batsinda, kwa sababu sikujua mtu anapelekewa nini baada ya kufanyiwa vile. Jumapili moja nilikifunga kwenye kitenge pamoja na sukari na mchele, nikapanda basi.

Alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, mikono imelala mapajani, haifanyi kitu. Sikuwahi kuiona vile. Nilipiga magoti nikasalimia, na akaijua sauti yangu mara moja.

"Mjukuu wangu. Umekonda. Sauti imekonda."

Nilianza kuomba msamaha na sikufika mbali. Alinipapasa kichwani akasema "Ihangane, ihangane," pole, pole, kana kwamba aliyepatwa na jambo ni mimi. Hilo lilinimaliza kabisa. Kwa kukosa la kufanya nilifungua kitenge nikamwekea kikapu mikononi.

Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kitovuni. Vikaanza kufuata mizunguko, kushoto, kushoto, kushoto, mpaka ukingoni, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sitaisahau.

"Hii ni ya mimi," alisema. "Umeitoa wapi? Nilisuka lini?"

"Ni yangu, bibi. Nimeisuka mimi."

Alikirudia upya, kuanzia kitovuni. Kuku walikuwa wakipekua majani karibu na miguu yake, na yeye hakuwafukuza.

"Nilitaka nikuombe wewe," alisema mwishowe. "Macho ilipoanza. Hawa wengine mikono yao inaenda kule. Ya wewe tu ndio inakuja huku, kama ya mimi. Nikasema, nikimuomba, atakubali, mtu hatajua. Halafu nikasema hapana. Yeye ndio anaangalia. Nitamuharibia kazi."

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Katika ushirika mzima, milima yote na vikundi vyote, ulikuwepo mkono mmoja tu ambao ungeweza kumfunika bila mtu yeyote kugundua, na mkono huo aliufundisha yeye mwenyewe, na akaamua kutousumbua. Alinilinda. Mimi nilipoona mizunguko imebadilika, hata siku moja haikunijia akilini kujiuliza ni nani mwingine duniani anayesuka kwa kushoto kama yeye. Nilitaka kumwambia nitamsukia sasa, kila mwezi, maisha yake yote. Lakini jina lilikuwa limeshafutwa, na barua niliiandika mimi.

Bibi alikuwa bado anapapasa. Karibu na ukingo kidole chake kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale.

"Hapa umelegeza. Ingekuwa ya mtu mwingine, ungekubali?"

Niliangalia. Uzi ulikuwa umelegea kweli, kidogo sana, na mimi sikuwa nimeuona.

"Nisingekubali, bibi."

"Basi fungua."

Alinipa kikapu, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi upande wake. Nilikaa, nikatoa sindano, nikaanza kufumua mzunguko ule. Nililia bila sauti ili asijue, na yeye akawa ananiuliza habari za Gikondo, nani amezaa, nani ameolewa, bosi hajambo, huku ameweka kiganja chake juu ya mkono wangu wa kushoto kuhakikisha ninakaza.