Vinu Juu ya Mwamba wa Chemchemi

Nakumbuka siku niliyonyamaza nikidhani ni adabu, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kwetu, mahali paitwapo Kwanza, kuolewa huku Sirisia, miezi mitatu tu, bado nainamisha macho nikiulizwa jina. Mvua ilikuwa imekawia. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mwamba laini wenye vitundu kama sega la nyuki, nayo ilidondoka tone baada ya tone.

Juu ya mwamba huo ndipo tulipotwangia mahindi. Nikagundua jambo: wanawake watatu tukitwanga pamoja, mwamba ukatetemeka, matone yaliungana yakawa uzi wa maji. Tukiacha, uzi unakatika. Sikumwambia mtu. Bibi arusi aseme nini?

Asubuhi moja mume wangu na ndugu zake wakaja na mitaimbo kuupasua mwamba, ati maji yatoke mengi. Nilitaka kuwaambia, mdomo ukakataa. Kufikia adhuhuri upande mmoja ulikuwa umepasuka, na hata yale matone yakapotelea ndani ya ufa. Hapo ndipo nilipolia, nikamweleza mama mkwe.

"Ati uliona tangu lini?"

"Tangu mwezi jana, Mama."

"Na mdomo uliuacha kwenu Kwanza? Mficha uchi hazai. Si ungeniambia hata mimi, jikoni?"

Hakunigombeza zaidi. Aliwaambia wanawe waweke mitaimbo chini, akaita majirani, tukapanga vinu upande uliobaki mzima. Tukatwanga kwa mwendo mmoja, bila pupa, wimbo ukituongoza. Mikono iliwaka moto. Jua lilipoinama, mama mkwe akapiga kigelegele: uzi wa maji umetoka! Ulikuwa mwembamba, lakini tulikunywa wote, na mume wangu alinicheka mpaka nami nikacheka.

Miaka baadaye shemeji yangu alirudi kutoka vitani ng'ambo, akasema alisikia kwamba katika nchi za mafuta, ardhi ikitetemeka, mafuta yaliyokwama ndani ya mawe hulegea, visima vikatoa zaidi.

"Sisi hilo tulilijua kwa mchi, bana," mama mkwe akamjibu.

Basi mwanangu, ukiingia nyumba ya watu, au kazini, ukaona jambo ambalo wenyeji hawajaliona, liseme kwa heshima, siku hiyo hiyo. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumtaka mgeni bubu. Na kilichokwama usikimbilie kukipasua. Kitikise taratibu kwanza. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi usioogopa, na kila mlango utakaoingia wafurahi kwamba ulikuja.